Daftari ni la Nani? Njombe, Makambako na Historia ya Kuandikwa

Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha fedha kwa njia ya mtandao yaliyokuwa yakifanya kazi nchini bila leseni. Tangazo hilo lilitanguliwa na malalamiko ya muda mrefu. Mkopaji aliyechelewa kulipa siku mbili tatu alishtukia kwamba mama mkwe wake, mwajiri wake na mwenyekiti wa jumuiya yake ya sala wamepokea ujumbe unaomwita tapeli. Namba za watu hao hakuzitoa yeye kwa kujua anachofanya. Programu ilizichukua kwenye simu yake siku alipobonyeza neno "kubali". Wananchi, ambao ni hodari wa kulipa jambo jina linalolistahili, wameiweka mikopo hiyo katika fungu moja na mikopo ya riba za mitaani, wakaiita kausha damu.

Mjadala uliofuata umelichukulia jambo hili kama balaa jipya lililoletwa na teknolojia mpya. Wako waliowalaumu wakopaji kwa kupenda fedha za haraka, na wako walioilaumu simu yenyewe. Katika makala haya ninatoa hoja tofauti, na ushahidi wangu unatoka katika historia ya eneo moja: nyanda za Njombe na mji wa Makambako. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wa huko wamekuwa wakiandikwa katika vitabu vya watu wengine. Kila kizazi cha kampuni kilikuja na zana zake, lakini nguvu yake juu ya wananchi ilitegemea mambo matatu yasiyobadilika: nani anaandika, nani anapima, na nani anaruhusiwa kusoma kilichoandikwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ina ukweli mkubwa, lakini inaacha swali moja bila jibu. Daftari likiwa la mtu mwingine, mali ni ya nani?

Kodi, njia na namba

Utawala wa Wajerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilifika hadi nyanda hizi. Misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, ilishambuliwa mwaka 1905. Vita vilipozimwa, njaa iliyofuata ilimaliza watu na akiba zao. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliikuta kodi, wakaipanga upya kwa sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya mwaka 1922. Kodi hiyo ilidaiwa kwa fedha taslimu.

Swali la mtu wa Njombe lilikuwa jepesi kuuliza na gumu kujibu: fedha hiyo itoke wapi? Udongo ulikuwa mzuri, mvua za kutosha, na hali ya hewa ya baridi ifaayo kwa mazao mengi. Lakini reli haikuwapo, soko lilikuwa mbali, na serikali haikuwa na haraka ya kuleta zao la biashara. Watafiti wa historia ya wilaya hii wameonyesha kwamba kucheleweshwa huko hakukuwa bahati mbaya. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono, na wilaya yenye mazao yake ya kuuza haitoi mikono kwa bei rahisi. Njombe ikafanywa ghala la nguvukazi, sawa na Kigoma na Songea.

Kwa hiyo vijana wa Kibena, Kikinga, Kipangwa na wengineo walikwenda, na katika miaka ya mwanzo walikwenda kwa miguu, mamia ya kilomita. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923 ilihakikisha kwamba aliyetoroka kazi kabla ya mkataba kwisha hakuhesabiwa kama mtu aliyevunja makubaliano tu. Alihesabiwa kuwa mhalifu. Mwaka 1926 serikali iliunda Idara ya Kazi chini ya Meja Orde-Browne, ili iangalie uandikishaji, kambi za njiani na hali ya vibarua. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipofika, idara hiyo ilifutwa mwaka 1931 ili kubana matumizi. Yaani ukaguzi uliondolewa wakati uleule mishahara iliposhuka na kibarua alipohitaji mtetezi zaidi. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wautunze mwaka huo kichwani.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunganisha nguvu na kuanzisha shirika lao la kuandikisha wafanyakazi, lililojulikana kama SILABU. Sasa uandikishaji ukawa na ofisi, magari, chakula cha njiani na makaratasi. Kijana alipimwa afya, akasomewa mkataba, akaweka alama ya dole gumba chini ya maneno asiyoweza kuyasoma, akapewa namba. Kutokana na namba hiyo likazaliwa neno ambalo hadi leo lina uchungu katika Kiswahili: manamba. Ni neno lililotungwa na jamii iliyogundua kwamba watoto wake wameacha majina yao nyumbani.

Kipande kilivyofanya kazi

Katika Kenya ya wakoloni, kipande kilikuwa hati ya utambulisho yenye alama za vidole, iliyotundikwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Katika mashamba ya Tanganyika kipande kilikuwa kitu kingine. Kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi thelathini, na kila nafasi ilijazwa baada ya mfanyakazi kumaliza kazi aliyopangiwa siku hiyo. Mshahara ulilipwa nafasi zote thelathini zilipojaa. Kwa hiyo "mwezi" wa kipande haukuwa mwezi wa kalenda, kwani ungeweza kuchukua wiki sita au zaidi.

Tuangalie kwa makini siku moja ilivyohesabiwa. Mkata mkonge alipangiwa idadi ya matita, na kila tita lilikuwa na majani thelathini. Jioni mnyapara alihesabu. Matita yakipungua, au majani yakionekana mafupi kuliko kipimo, siku ile haikuandikwa. Mfanyakazi alikuwa amekwisha kutoa jasho lake tangu alfajiri, majani yake yalikwenda kiwandani na kuchakatwa, lakini kwenye kadi siku hiyo haikuwapo. Mashine ya kuchakata mkonge ilikuwa kubwa na ya kutisha, lakini kibarua hakunyang'anywa siku yake na mashine. Alinyang'anywa na kalamu.

Sitaki kuchora picha ya watu waliokuwa kama mifugo. Si kila aliyekwenda mkonge alisukumwa na kodi peke yake. Wako waliofuata mahari, nguo na baiskeli, na wako waliokimbia amri za wazee. Waliorudi walileta lugha ya Kiswahili, ujuzi wa dunia na, baadaye, siasa. Katika migomo ya wafanyakazi wa mkonge ya 1957 na 1958 tunawaona watu hao wakidai mengi, na miongoni mwa madai makubwa ilikuwa sauti katika kupanga kazi na malipo. Chama cha wafanyakazi kilipata maana pale kilipoweza kusimama kando ya mnyapara na kuhesabu pamoja naye.

Lakini hesabu kubwa kuliko zote ilifanyika mbali na Tanga. Bei ya mkonge iliporomoka katikati ya miaka ya 1960, nyuzi za viwandani zilipoziteka soko la kamba duniani. Teknolojia iliyobuniwa katika maabara za nchi za mbali ilifuta kazi ya mtu wa Njombe bila hata kulijua jina lake. Na kwa kuwa alikuwa ameandikwa kama namba ya mkataba, wengi wa aina yake walirudi nyumbani bila kiinua mgongo na bila karatasi ya kuonyesha miaka yao ilikwenda wapi.

Kampuni inapokuja nyumbani

Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo la Makoloni, lililoundwa na serikali ya Uingereza mwaka mmoja kabla, lilianzisha Kampuni ya Miwati ya Tanganyika mjini Njombe, ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la TANWAT. Lengo lilikuwa kupanda miwati na kupata kutoka katika magome yake dawa ya kulainishia ngozi. Baadaye kampuni iliongeza chai, misonobari na mbao, na hata kuzalisha umeme kwa kuchoma mabaki ya miti.

Haki itendeke: ujio wa kampuni hii ulileta ajira karibu na nyumba. Baba aliyelipwa Kibena aliweza kulala kwake na kuwaona watoto wakikua. Miwati ilienea pia katika mashamba ya wananchi, ikawa kuni, mkaa na nguzo. Kwa upande mwingine, maelfu ya hekta yaliingia katika mpango wa uzalishaji ambao maamuzi yake makubwa yalifanyika London, na mwananchi aliyeuza magome alikuta bei imekwisha kupangwa. Umbali kutoka kwenye kitanda hadi kazini ulipungua sana. Umbali kutoka kwa mzalishaji hadi kwenye daftari ulibaki uleule.

Makambako na gunia la lumbesa

Kati ya 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kwa mkopo usio na riba kutoka China. Stesheni ikawekwa Makambako, mahali ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma inakutana na ile ya Njombe na Songea. Kituo kidogo kikakua kuwa mji wa wafanyabiashara, madereva, mama lishe, madalali na wachuuzi, wengi wao Wakinga, ambao sifa yao ya biashara haihitaji maelezo. Njombe ilipotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, Makambako ilikuwa tayari mlango wake.

Reli na lami zilitimiza ahadi ambayo ukoloni uliinyima Njombe: soko. Sasa mkulima hakulazimika kupeleka mwili wake Tanga. Aliweza kupeleka viazi vyake Dar es Salaam. Lakini sokoni alikutana na mnyapara mpya, na jina lake ni lumbesa.

Sheria inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa ni gunia lililoshindiliwa, likaongezewa kichwa na kushonewa juu, hata uzito wake ukafika kilo 120 au zaidi, nalo likauzwa kama gunia moja. Ustadi wake umo katika neno "moja". Mahali ambapo nauli, ushuru na bei vinahesabiwa kwa gunia badala ya kilo, kila kiazi kinachoshindiliwa juu ya mdomo wa gunia kinamfaidi anayenunua. Mkulima anaona kwa macho yake kwamba anapunjwa, lakini mizani haipo, lori linawasha moto, na viazi haviwezi kusubiri wiki ijayo. Viongozi wamepiga marufuku lumbesa mara nyingi. Marufuku hizo zimeshindwa kwa sababu zilikataza umbo la gunia bila kupeleka mizani kijijini. Mjukuu wa mkata mkonge aliyefutiwa siku nzima kwa sababu ya majani machache sasa anatoa debe zima bure, na hakuna mahali linapoandikwa.

Dole gumba kwa mara ya pili

Simu ilipokuja, wengi tuliamini kwamba hatimaye daftari limeshuka hadi mkononi mwa mwananchi. Imani hiyo ilikuwa na msingi. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, mama muuza nguo wa Makambako anaweza kumlipa msambazaji wake wa Kariakoo bila kupanda basi na fedha zimeshonewa kwenye pindo la gauni. Mkulima wa Lupembe anaweza kuuliza bei ya mjini kabla dalali hajamtajia ya kwake. Mtu anayetaka tuachane na mambo hayo hawajui watu wa Njombe.

Lakini kati ya Mei 2019 na Januari 2020 wananchi wote wenye laini walitakiwa kuzisajili kwa namba ya kitambulisho cha taifa na alama za vidole. Lengo lilitajwa kuwa kupambana na uhalifu, nalo ni lengo halali. Hata hivyo, kwa mwanahistoria, foleni zile zilikuwa na mwangwi. Kwa mara nyingine watu wa nyanda hizi waliweka dole gumba chini ya masharti ambayo wengi wao hawakuyasoma. Tofauti ni kwamba safari hii namba moja inaunganisha sura, fedha, mawasiliano na nyendo za mtu.

Juu ya msingi huo ndipo programu za kukopesha zilipojenga biashara yake. Banda la biashara la Makambako haliwezi kuwekwa dhamana benki. Programu haikutaka banda. Ilitaka orodha ya majina. Dhamana ikawa aibu. Na tusidhani kwamba aibu ni jambo dogo katika mji ambao kila mtu anajuana na kila mtu. Mchuuzi huishi kwa kuaminiwa: akichafuliwa mbele ya wateja wake na kikundi chake, amefungiwa duka bila kufuli. Hata kwa wakopeshaji wenye leseni, kiwango cha mkopo hukokotolewa kwa kanuni ambazo mkopaji hazioni, kama vile mkata mkonge ambaye hakuiona fimbo ya kupimia majani ilikochongwa.

Tazameni pia parachichi, fahari mpya ya Njombe. Masoko ya India na China yalifunguliwa mwaka 2022, na miti imepandwa hadi nyuma ya vyoo. Wanunuzi wa nje wanadai kila tunda lijulikane lilikotoka. Kwa hiyo mkulima anasajiliwa, shamba linapimwa kwa setilaiti, miti inahesabiwa, naye anapewa namba. Hilo si baya. Ila katika mipango mingi ya aina hii cheti cha ubora humilikiwa na kampuni inayonunua, na taarifa za shamba hukaa katika kompyuta zake. Mkulima akitaka kumhamia mnunuzi mwingine, anaondoka na miti yake bila historia yake. Tena matunda huchambuliwa na kukataliwa katika ghala la kufungashia, mbali na macho yake, kisha yeye hupokea ujumbe wa simu wenye kilo zilizokubaliwa. Kuna jambo gani hapo ambalo babu yake asingelitambua?

Suala hili lina uzito wa ziada kwa Njombe. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kwamba maambukizi ya virusi vya UKIMWI mkoani humo ni asilimia 12.7 ya watu wazima, juu kuliko mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa nchi ni asilimia 4.4. Wataalamu hutaja sababu nyingi, uhamaji wa kikazi na njia kuu zikiwamo. Mahali penye mzigo huo, orodha ya namba za mtu inaweza kuonyesha anahudhuria kliniki gani na huzungumza na mshauri yupi. Kuvuja kwa orodha kunaweza kuvunja ndoa, na kunaweza kumfanya mgonjwa aache dawa.

Sanduku la makufuli matatu

Je, daftari haliwezi kuwa la haki? Linaweza, na mfano wake tunao kila wiki chini ya miembe na katika kumbi za makanisa. Kikundi cha VICOBA hutunza fedha zake katika sanduku lenye makufuli matatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Hisa na madeni husomwa kwa sauti mbele ya wote. Asiyejua kusoma husikia, hukumbuka, na huweza kupinga papo hapo. Vikundi hivi vina matatizo yake, na wapo viongozi waliotoroka na fedha. Lakini kanuni yake ni sahihi: anayeandikwa yupo wakati wa kuandikwa.

Kanuni hiyo sasa imo katika sheria ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani, kuziona, kutaka zirekebishwe na kulalamika. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Benki Kuu nayo imetoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali. Kwa hiyo hatuwezi kusema nchi haina sheria. Tulichonacho ni hatari ya mwaka 1931: chombo cha ukaguzi kikiwa dhaifu au mbali, karatasi hubaki karatasi.

Ndugu zangu wanafunzi, msiridhike kuandika tasnifu juu ya "mapinduzi ya kidijitali" kwa kunukuu ripoti za makampuni. Nendeni Makambako, kaeni na wachuuzi, ulizeni nani anashika daftari. Wanaharakati, haki ya mtu kuona taarifa zake haijulikani vijijini. Wafundisheni wananchi kuandika barua moja fupi ya kuidai, na wasaidieni vyama vya ushirika kudai kwamba cheti na taarifa za shamba viwe mali ya chama. Watumishi wa halmashauri, pelekeni mizani iliyohakikiwa katika kila kituo cha kukusanyia viazi, tozeni ushuru kwa kilo, na bandikeni orodha ya wakopeshaji wenye leseni sokoni na stendi, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Tena hakikisheni mkulima au mwakilishi wake anakuwapo matunda yanapochambuliwa.

Makampuni yatasema kwamba haya yote yanaongeza gharama. Ni kweli, yanaongeza. Wenye mashamba ya mkonge walisema hivyohivyo kuhusu wakaguzi wa kazi, kuhusu vyama vya wafanyakazi na kuhusu kima cha chini cha mshahara. Gharama hiyo ilikuwapo siku zote. Kilichokuwa kikibadilika ni nani anailipa. Kwa muda mrefu ameilipa mtu wa Njombe, kwa siku ambazo hazikuandikwa, kwa madebe ambayo hayakupimwa, na sasa kwa jina lake mwenyewe.